Misuli iliyolala na sukari ya mama
Tangu mama yangu, mwenye kisukari cha aina ya 2, alipofungwa plasta ngumu mguuni, sukari yake imekuwa ikipanda ingawa chakula na dawa havijabadilika. Misuli ya mifupa hupokea sehemu kubwa ya glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, baada ya mlo, kwa kuwa homoni ya insulini huivuta protini iitwayo GLUT4 hadi kwenye utando wa seli ili iipitishe glukosi hiyo ndani. Misuli isipotumika, hata kwa siku chache, huanza kuipuuza insulini, na kisukari huzidisha ukaidi huo. Linalonipa matumaini makubwa ni kwamba misuli inapojikunja huileta GLUT4 kwenye utando wa seli bila kuhitaji insulini, hata kwa mgonjwa wa kisukari. Kwa idhini ya daktari, sasa mama anafanyisha mazoezi mikono na mguu ulio mzima kila baada ya kula.