Mjomba Alipoomba Mali Kauli

Kijana wangu karudi shule na mada ya mdahalo: "Umaskini wa Mwafrika umetokana na uzembe wake mwenyewe, si ubaguzi wa rangi." Kapangiwa upande wa kuunga mkono. Kanifuata jikoni na daftari lake, mimi nakuna nazi, eti, "Mama, nipe pointi tano." Nikamwambia akamwulize baba yake. Baba yake akamwambia akawaulize Wajerumani, akarudi kwenye mpira.

Pointi sikumpa. Kilichonijia kichwani ni Mjomba Shabani na shati lake la Idi, kalivaa siku ya kazi.

Mjomba Shabani ni yule wa Magomeni, wa kesi ya mbuzi niliyowahi kuisimulia. Hii ni ya kabla ya mbuzi.

Mwanzoni mwa 1997 nilikuwa nyumbani nasubiri matokeo ya kidato cha nne, na mama yangu hapendi mtu akae anahesabu boriti. Mjomba akaniombea kibarua pale alipokuwa akifanya kazi, duka la jumla la kanga na vitenge mtaa wa Uhuru, si mbali na Mnazi Mmoja. Kazi yangu ilikuwa kukunja na kuhesabu. Robota linafunguliwa, harufu ya wanga inakupanda puani, unatoa kanga, unazipanga ishirini ishirini, unafunga korija kwa kamba, unasogea kwenye robota jingine. Jioni vidole vimekauka kama vya mpiga chokaa.

Mjomba alikuwa pale tangu sijazaliwa. Wanunuzi wa mikoani wakishuka stendi walikuwa hawaulizii duka, wanaulizia Shabani. Anajua kanga gani itatoka Tanga na gani italala Songea, anajua jina gani likiandikwa wanawake wataigombea kabla haijafunguliwa. Kuna siku tajiri, Mhindi mwenye duka, alileta mzigo wenye maandishi yaliyopinda, Mjomba akaupeleka wote Lindi kwa bei ya kawaida, mpaka leo sijui aliwaambia nini watu wa Lindi.

Ila droo ya hela hakuwahi kuigusa. Anapokea pesa kwa mteja, anampelekea tajiri, tajiri anahesabu, anatoa chenji, Mjomba anairudisha kwa mteja. Tajiri akienda kuswali, ufunguo unakwenda naye. Nilishangaa siku mbili tatu, halafu nikazoea, kama wote walivyozoea.

Niseme mapema kwamba tajiri hakuwa mtu mbaya. Shangazi Mwanahawa, mkewe Mjomba, alipofanyiwa upasuaji, yeye ndiye aliyelipa, na hakukata kwenye mshahara. Kiswahili chake kilikuwa cha Pangani, kitamu kuliko chetu sisi wa Magomeni. Kama angekuwa mtu mbaya nisingekuwa na cha kuandika, ningemtukana tu yakaisha.

Basi akaja mpwa wake kutoka Mwanza. Kijana mdogo, amenizidi umri kidogo, hajui doti wala korija. Mjomba ndiye aliyemfundisha. Haikupita miezi mingi, asubuhi moja ukaja mkokoteni, yakapakiwa marobota, yakapelekwa Kariakoo kwenye fremu ya huyo kijana. Hakuna hela iliyotolewa. Tajiri kafungua daftari, kaandika, kalifunga.

Kesho yake Mjomba ndipo alipokuja na shati la Idi.

Ilikuwa bado hatujafungua milango ya mbele. Ulikuwa wakati wa chai, tajiri kakaa kwenye kigoda chake, mpwa naye kapitia kuchukua kitu. Mjomba akasimama mbele yake kama mtu anayekwenda kuposa.

"Tajiri, nina ombi."

"Mshahara?"

"Siyo mshahara. Nimepata kimeza pale soko la Magomeni. Naomba unipe mali kauli, korija tano tu. Nikiuza nakuletea hela yako, nachukua nyingine. Kazi yako hapa siachi, mezani atakaa Mwanahawa."

Tajiri hakujibu. Alikuwa na kawaida ya kunywea chai kwenye kisahani. Akamimina, akapuliza. Utando wa maziwa ukasogea ukaganda ukingoni, akausukuma kwa kidole, akapuliza tena. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya korija nimesahau kuifunga. Mjomba kasimama, mikono nyuma. Mkunjo wa pasi kwenye mkono wa shati ulikuwa umenyooka mpaka chini, na kwapani jasho limeshaanza kujichora, na jua bado halijapanda.

"Shabani," tajiri akasema, "wewe mtu mzuri. Miaka yote hii hujaniibia hata uzi."

"Ahsante, tajiri."

"Sasa nikikupa, ukipotea, nakupata wapi?"

"Kwangu unapajua. Si ulikuja msibani?"

"Napajua. Nyumba ya kupanga."

Akamwonyesha mpwa wake kwa kidevu. "Huyu akinidhulumu leo, kesho baba yake anajua. Keshokutwa jamati nzima, jumuiya yetu yote, inajua. Mombasa hapati mali, Bombay hapati mali, hata mke hapati. Wewe ukinidhulumu, nani atakunyima mke?" Akaanza kucheka kabla hajamaliza. "Nyinyi hata hela hamna, mnaongeza wa pili!"

Wote wakacheka. Mpwa akacheka, mbeba mizigo mlangoni akacheka. Mjomba naye akacheka, Mjomba ambaye alikuwa na Shangazi Mwanahawa mmoja tu na hadi leo ni huyo huyo. Alicheka vizuri kabisa, kwa sauti. Mimi sikucheka, lakini msinihesabie ushujaa, nilikuwa na miaka kumi na minane na kamba mkononi.

Halafu tajiri akawa mpole. Akasimulia ya baba yake. Mwaka 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutaifisha majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na jengo lao lilikuwa mojawapo. Waliamka wenye nyumba wakalala wapangaji wa Msajili wa Majumba wa serikali. Ndugu zake wakakimbilia Kanada na Uingereza, yeye akabaki. "Nilianza na baiskeli, Shabani. Nimetembeza vitambaa mpaka Chanika. Sikulalamika. Watu wenu kazi kulalamika, kazi hawataki."

"Kweli, tajiri," Mjomba akasema, akaenda kufungua milango.

Kwenye daladala hatukuzungumza mpaka Jangwani. Hapo ndipo aliponiambia, macho nje, "Yule mzee kasema kweli. Sisi hatuaminiani. Tukipata tunakula. Tatizo ni sisi wenyewe."

Kumbukeni mwaka wenyewe. Mchungaji Mtikila, yule mwanasiasa, alikuwa ameshalivumisha majukwaani neno "magabacholi", la kuwatukana matajiri wa Kihindi, magazeti yamejaa habari za uzawa, yaani uchumi uwe mikononi mwa wazawa, kila kijiweni kuna mtu anayejua Wahindi wametufanya nini. Mjomba hakutaka kuyasikia hayo. Aliwajua waliolirushia mawe duka la Mhindi. Alisema wengine walirudi wiki iliyofuata kukopa sukari kwenye duka lile lile.

Usiku barazani kwetu likazuka zogo. Alikuwepo Mzee Kitwana, jirani, aliyekuwa fundi cherehani Kariakoo enzi za Mwingereza. Akamsikiliza Mjomba mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama anajua kwamba Mwafrika alikuwa na sheria yake ya kukopa. Mimi nilidhani ni porojo za wazee. Baadaye nikaja kuisoma, ipo: Waingereza waliitunga miaka ya 1920, eti kuwalinda "wenyeji" wasitumbukie kwenye madeni. Asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bidhaa bila ruhusa ya ofisa wa serikali, asilipwe, mahakamani hana kesi. Sasa nani atakukopesha? Mzee Kitwana alitaka majora matatu ya kitambaa, mwenye duka akamwambia kwa upole kabisa: nakuamini wewe, sheria haikuamini.

"Kwa hiyo sisi tukanunua kwa taslimu," akasema. "Yadi mbili, yadi tatu. Mwenzako ananunua robota kwa mdomo. Mtashindana?"

Mjomba akamjia juu. "Mzee, Mwingereza kaondoka 1961! Nyerere kafuta shule za rangi, kafuta kila kitu. Hiyo sheria inanikaba mimi leo?"

"Haikukabi. Ila sifa ya kukopa na kulipa inajengwa kwa kukopa na kulipa. Baba yako alimkopa nani akamlipa, ili leo watu waseme huyu ni mtoto wa fulani?"

Mama akaingilia, yeye hapendi mambo ya sheria. Akasema hilo la kutoaminiana ni uongo wa wanaume. Wao wanawake wa mtaa walikuwa na mchezo wa kupeana hela tangu mimi niko chekechea, hakuna aliyewahi kukimbia na zamu. Mwenye kujaribu, mtaa mzima ungemjua, ndoa ya mwanawe ingesusiwa. Nikamkumbuka tajiri na maneno yake ya mke. Ni kitu kile kile, ila kapu la mama lilikuwa la wauza maandazi, na hata likijaa linatoka na korija mbili.

Na ndizo alizoanza nazo Mjomba.

Yaliyofuata ni marefu na hayana utamu. Kimeza cha Magomeni kilikufa, akaanza tena, kikafa. Tajiri alifariki, Mungu amrehemu, tulikwenda kuzika. Ni mkewe aliyenihadithia siku ile, kwa fahari ya mjane, kwamba vitambaa vya kwanza vya kwenye ile baiskeli vilitoka kwa baba mdogo wa marehemu, Mombasa, na havikulipiwa mpaka mwaka uliofuata. Simnyang'anyi marehemu jasho lake, Chanika kwa baiskeli si mchezo. Serikali ilichukua jengo, lakini jina lao kule Mombasa halikuwa na hati ya kutaifisha.

Mjomba aliinuliwa na Mkinga, mfanyabiashara wa kabila la kule Makete. Waliofika Kariakoo siku za karibuni hawahitaji kuelezwa Wakinga ni nani. Yule jamaa alikuwa na fremu mtaa wa Kongo, akamchukua Mjomba kwa ule ujuzi wake wa kanga, wakafanya kazi pamoja, mwisho akamwachia mzigo. Tangu siku hiyo Mjomba hana hoja nyingine: "Mkinga katoka Makete na viatu vya plastiki. Hana babu Bombay. Kalala chini ya kaunta, kala mihogo, leo ana ghorofa. Ubaguzi uko wapi?"

Mimi humjibu kwamba Mkinga hakuja kukaa barabarani. Alikuja kwa kaka yake, akamfanyia kazi miaka bila mshahara, kaka akampa mtaji wa mali. Ni yale yale ya mpwa wa Mwanza. Mjomba anasema umeona sasa, siyo rangi, ni ukoo kujipanga. Nasema sawa, lakini jiji hili lilipogawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, koo hazikuanzia mstari mmoja, na baada ya hapo hata asipokuwepo mtu wa kumchukia mwenzake, kila mtu akimwamini wa kwao tu, mambo yanajiendesha yenyewe. Mjomba anasema nimesoma sana. Na kuna siku naona yeye ndiye aliye sahihi, maana kati yetu sisi wawili aliyewahi kuamka saa tisa usiku kwa ajili ya korija mbili ni yeye. Angeamini maneno yangu mwaka 1997, sijui kama angeamka.

Lakini pia alicheka, siku ile. Hapo ndipo tunapokwama kila tukilizungumza. Anasema hakumbuki kucheka.

Jumamosi iliyopita nilikwenda dukani kwake Mbagala kuchukua sare za harusi. Duka limejaa, si mchezo. Kuna kijana anaitwa Hamisi, mtu wa Dodoma, amekuwa naye miaka na miaka, wateja wote wanamwita yeye. Mjomba kakaa kwenye droo. Nikamwuliza siku hizi anawapa nani mali kauli.

"Vijana wetu wa Rufiji. Nawajua mpaka wazee wao."

"Na Hamisi?"

"Hamisi yuko kwenye mshahara. Hajawahi kuniomba."

"Hajawahi kuomba, au anajua utamjibu nini?"

Akavua miwani, akanitazama. "Si huyo hapo nyuma? Nenda kamwulize." Halafu akataka kujua kama nimekuja kununua au kuhoji, kwa sababu foleni ilikuwa inazidi, na korija nilizoagiza zilikuwa hazijalipiwa hata senti.