Nilivyopanga maadhimisho ya miaka 10 ya ndoa yetu Efteling

Tulipokaribia kutimiza miaka 10 ya ndoa, nilikuwa nimeshaamua kwamba sherehe ya ukumbini sitaki. Sherehe ya ukumbini tunaijua: unapika tangu juzi, unapokea wageni, unakosha masufuria, na mpaka watu wanaondoka wewe na mwenzio hamjapata hata nafasi ya kukaa mkazungumza. Nilitaka siku zetu wawili. Baba watoto akataja Paris. Mimi nikamwambia twende Efteling.

Akanitazama. Kwa sisi tunaoishi Uholanzi, Efteling ni mahali pa kupeleka watoto. Ni bustani ya burudani iliyoko Kaatsheuvel, mkoa wa Noord-Brabant, kusini mwa nchi. Msitu wake wa hadithi ulifunguliwa mwaka 1952, umebuniwa na mchoraji Anton Pieck, na hata baada ya kuongezwa marola kosta, yaani vitreni vya kasi vya kupanda na kuteremka, na mahoteli, watu bado wanaufuata msitu ule. Sisi wote wawili tumelelewa na mabibi: ukishakula chakula cha usiku, "Paukwa!", nawe unaitikia "Pakawa!" Nikaona mahali palipojengwa kwa hadithi patatufaa kuliko kwenda kusimama chini ya mnara na kupiga picha ambayo kila mtu anayo.

Nilianza na tarehe. Ndoa yetu ilifungwa mwezi wa nane, lakini mwezi wa nane pale hapakaliki. Shule za Uholanzi hufunga kwa zamu katika kanda tatu, kaskazini, kati na kusini, na juu ya hapo kuna Wabelgiji na Wajerumani walio jirani kabisa na Kaatsheuvel. Kwa hiyo nikaisogeza safari hadi katikati ya Septemba, siku za katikati ya juma, shule zote zikiwa zimeshafunguliwa. Ndoa haipungui kitu kwa kuadhimishwa wiki chache baadaye, na foleni zinapungua sana. Hata bei ya tiketi na ya chumba hubadilika kulingana na siku, kwa hiyo kusogeza tarehe kulitusaidia mfukoni pia.

La pili lilikuwa mahali pa kulala, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi. Kulala Tilburg au 's-Hertogenbosch, miji ya jirani, ni rahisi zaidi ukitazama bei ya chumba peke yake. Lakini ukilala kwenye hoteli za Efteling wenyewe, kiingilio cha bustani kimo ndani ya bei, cha siku ya kufika na cha siku ya kuondoka. Nilikaa na kalamu nikajumlisha chumba cha nje, tiketi za watu wawili na nauli za kwenda na kurudi, na tofauti iliyobaki sikuiona kubwa kwa safari ya aina hii. Zaidi ya hesabu, nilikuwa nataka tuweze kuingia na kutoka tunavyopenda. Nikachagua Loonsche Land, hoteli iliyofunguliwa mwaka 2017, kwa sababu imezungukwa na miti na haina makelele ya michezo. Meza ya chakula cha jioni niliibuku siku ileile niliyolipia chumba, nikawaeleza kabisa kwamba sisi tunakula samaki na mboga, nyama hatutaki.

Watoto walichukuliwa na wifi yangu. Nilikuwa naona aibu kumwomba, yeye akanikata maneno: "Wifi, nyie nendeni. Na usinipigie simu kila saa kuniuliza wamekula nini." Nilimtii.

Kaatsheuvel haina stesheni ya treni. Tulishuka Tilburg tukapanda basi, tukilipa kwa kugusisha kadi ya benki tu kwenye mashine. Mizigo tukaiacha mapokezi, tukaingia.

Mpango wangu wa siku ulikuwa mwepesi: asubuhi michezo ya kasi, mchana kupumzika hotelini, alasiri mambo ya taratibu. Bustani hufunguliwa saa nne asubuhi, na wenye watoto wadogo huanzia kwenye hadithi, kwa hiyo saa ile sisi tukakimbilia marola kosta. Kwenye Joris en de Draak kuna treni mbili za reli za mbao zinazoshindana, moja ya moto na moja ya maji. Nikamwambia kila mtu apande yake. Treni zikisogeleana unamwona mwenzio upande wa pili anapiga kelele kama mtoto, na mimi mume wangu sikuwa nimemwona akicheka hivyo siku nyingi. Baron 1898 ina mteremko wa wima wa mita 37.5 na mwendo wa kilomita 90 kwa saa, unatumbukia kwenye shimo kama la mgodi. Pale tulikaa pamoja, na mkono wangu aliushika mpaka vidole vikafa ganzi.

Jambo moja nasisitiza kwa wanaokwenda wawili: baadhi ya michezo ina foleni ya mtu mmoja mmoja, inayokwenda haraka kwa sababu mnajaza viti vilivyobaki, lakini mtatenganishwa. Sisi tuliiacha. Tulizungumza mengi kwenye foleni ya kawaida kuliko tunavyozungumza nyumbani kwa wiki.

Mchana tulirudi chumbani, tukala, tukaswali, tukalala usingizi. Wengi hawathubutu kuondoka katikati ya siku kwa kuwa wanaona hela yao inapotea. Mimi nasema kulala kule ndiko kulikotupa jioni nzuri, kwa sababu tulirudi tukiwa na nguvu wakati familia nyingi zinaelekea maegeshoni.

Msitu wa hadithi tukauingia alasiri hiyo. Uyoga mwekundu wenye madoa meupe unatoa muziki kando ya njia. Kwenye ngome ya binti mfalme aliyelala miaka mia, unamsogelea na kuona kifua chake kinapanda na kushuka, taratibu, kama mtu anayepumua kweli; tulisimama pale kwa muda tukimwangalia. Onyesho la mayungiyungi, lililofunguliwa mwaka 1966, limetokana na hadithi iliyotungwa na Malkia Fabiola wa Ubelgiji. Mume wangu akaanza kunisimulia ya Sungura na Fisi kama alivyoisikia kwa bibi yake, nami nikamsahihisha maana kwetu inasimuliwa tofauti.

Gondoletta nilikuwa nimeiweka makusudi baada ya hapo. Ni mashua ndogo zenye paa, zinavutwa polepole ziwani kwa muda wa kama dakika 20, hakuna wa kukuharakisha. Upepo ulikuwa wa baridi. Akafungua begi, akatoa kanga mpya aliyoagizia kwa dada yake Tanga, akanifunika nayo mabegani. Imeandikwa: Wawili wakipendana adui hana nafasi. Nami nilimpa albamu ya picha zetu tangu siku ya akdi, nilizokuwa nimezichapisha kwa siri, na tuliimaliza kuitazama kabla mashua haijarudi gatini.

Siku hufungwa na Aquanura, onyesho la maji lililoanza mwaka 2012: fauntani 200 zinacheza kwa muziki na mataa na moto. Wahini mapema, mpate mahali pa kusimama.

Asubuhi ya pili bustanini hatukukaa sana. Nyuma ya hoteli, mwendo si mkubwa, kuna hifadhi ya Loonse en Drunense Duinen, mojawapo ya maeneo makubwa ya mchanga unaohamahama Ulaya Magharibi. Tukavua viatu tukatembea. Kwa mtu wa pwani, mchanga kama ule bila bahari ni ajabu tupu, na tunu ya siku ile kwetu ilikuwa hiyo kuliko mchezo wowote.

Sasa wifi na mumewe wanataka niwapangie safari kama hiyo, na watoto wao watakuja kwangu. Wanapendelea msimu wa baridi kwa ajili ya mataa. Nimewaambia ni sawa, ila wajue Gondoletta wakati huo haitembei, na meza ya chakula wasiache kuibuku mapema.