Kila mzee wa Michigan aliwahi kuwa na Chevelle

Ukibeba boksi na wazee wa huku Michigan, mwezi wa nane jiandae. Jumamosi ya tatu Woodward Avenue, barabara kuu itokayo Detroit, inafurika magari ya zamani, na wiki nzima kabla yake kila mwenye mvi anakusimulia la kwake, gari la Kimarekani la injini kubwa: Chevelle, GTO, Charger. Halafu sauti inashuka. Aliliuza alipooa, kwa hela ya friji. Ukimtajia Datsun 1600 SSS anacheka hadi anakohoa, wala hataki kusikia kwamba ndiyo iliyobeba Safari Rally ya 1970. Haya.

Kujivuna wana haki. Mwaka 1964 Pontiac walichukua injini ya gari kubwa, V8 ya lita 6.4, wakaitia kwenye Tempest ya saizi ya kati, wakaiita GTO. Kanuni ilikuwa hiyo tu: bodi ya wastani, injini ya jabali. Kufikia 1970 Chevelle SS, toleo lake la nguvu, yenye injini ya LS6 ya lita 7.4 iliandikwa nguvu za farasi 450. Bima za vijana zikapaa, 1971 mgandamizo wa injini ukashushwa ili zitumie petroli isiyo na madini ya risasi, 1973 Waarabu wakafunga bomba la mafuta. Sherehe ikaisha.

Lakini wanachokililia hasa ni kwamba gari lile lilitengenezeka na mwenyewe. Chukua kurekebisha pointi za distributa ya Chevrolet, zile zinazokata umeme ili plagi zitoe cheche. Kofia yake ina kidirisha cha kusukuma juu. Injini ikiwa inaunguruma, unaingiza ufunguo wa alen wa inchi 1/8, unazungusha kufuata mwelekeo wa mshale wa saa mpaka injini ianze kukosakosa, unarudisha nusu mzunguko. Basi. Gari la leo lataka kompyuta ndipo likwambie linaumwa wapi.

Sasa vijana wetu wanasikia hadithi hizi, wanaona picha mtandaoni, wanatuma hela. Jamani! Nenda na sumaku dhaifu, ya kubandika kwenye friji, uizungushie kitambaa. Ipitishe kwenye bodi juu ya matairi ya nyuma, chini ya kioo cha nyuma na chini ya milango. Isiponasa, hapo ni puti, na chini yake kutu. Huku barabara humwagwa chumvi kila msimu wa baridi, kwa hiyo inua na zulia la buti. Gari lililoishi jangwani Arizona hupauka viti, lakini bati huwa zima.

Utapeli wa pili ni nembo. Nembo ya SS ni ya kununua dukani. GTO ya 1966 hadi 1971 namba yake ya chesisi huanza na 242. Ikianza na 237 hiyo ni LeMans, Pontiac ya kawaida, iliyovaa suti ya kuazima. Chevelle ya 1970 namba haikuthibitishii SS, maana SS ilikuwa kifurushi cha kuongezea. Omba karatasi ya kiwandani. Mara nyingi hukutwa imekwama juu ya tangi la mafuta. Bila hiyo usilipe bei ya SS. LS6 halisi ni bei ya nyumba, si ya kiwanja.

Na ukishanunua? Petroli ya siku hizi ina ethanoli inayotafuna mipira ya zamani, kwa hiyo badilisha mipira yote ya mafuta kabla halijakuunguzia gereji. Oili iwe yenye zinki ya kutosha, la sivyo kemu, ile shafti inayofungua valvu, inalika. Breki za drum zikipata moto kwenye mteremko zinaishiwa nguvu. Lita moja, kilomita nne, tano ukiendesha kama shehe. Bima ya magari ya kale ni nafuu, ila wengi wanadai uwe na gari jingine la kila siku na pa kulifungia. Kwa mgeni anayepanga chumba, hapo mjadala umefungwa. Wazo la kulipeleka Mombasa nalo lisahau: usukani wa kushoto, na Kenya kikomo cha umri wa gari linaloingizwa ni miaka 8.

Ukienda kulikagua, fika mapema kuliko mlivyoahidiana, uguse boneti. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameshaliwasha ili usiuone moshi wa buluu wa asubuhi, ule wa injini inayokula oili. Mwambie azime, kanywe chai, urudi baada ya masaa matatu.