Kwani palikuwa hapajapangwa?

Harusi ya mdogo wangu imepita salama, na ile barua ya kuthibitishwa kazini niliyoisubiri tangu Machi imetoka Jumatano. Lakini siyo yanayoninyima usingizi. Tangu Jumatatu asubuhi kuna swali moja la Mama halinitoki.

Nilimwambia, "Nimekupangia tu, Mama." Naye, bila kupandisha sauti, akasema, "Kwani palikuwa hapajapangwa?"

Jumapili usiku, amelala, nilichukua simu yake nisasishe WhatsApp. Nikaona skrini ya mwanzo ina aikoni tatu tu, zote pembezoni, katikati patupu. Kurasa mbili zilizofuata zimetawanyika, hapa moja, kule mbili. Nikashikilia aikoni moja, nikaiburuta juu ya nyenzake, ikawa folda. Kisha nyingine. Baada ya nusu saa kurasa tatu zimekuwa moja: Pesa, Mawasiliano, Dini, Mengineyo. Nikaenda kulala nimeridhika kabisa, najiona nimemtendea mzazi wema.

Mnajua kwamba kila akimaliza swala ya alfajiri Mama humtumia mama mdogo aliyeko Muscat ujumbe wa sauti. Kule wako saa moja mbele yetu, basi mama mdogo humsikiliza huku anachemsha chai. Jumatatu ujumbe haukwenda. Nilipotoka chumbani saa moja nilimkuta sebuleni kaishika simu kwa mikono miwili, hajagusa kitu, anaogopa asije akaharibu zaidi. Na hakuniamsha. Alikaa vile tangu alfajiri, hakuniamsha.

"Umenihamishia jiko, mwanangu."

Hapo ndipo nikatoa lile jibu langu, na yeye lile swali lake.

Kwenye daladala nimejibu upya mara ngapi sijui. Nilitaka kukurahisishia, Mama. Si unasema macho yanakusumbua? Kila jibu linaishia kwenye ile "kwani". Palikuwa pamepangwa, mimi ndiye sikuuona mpangilio. Mama hasomi majina ya aikoni. Dole gumba lake linajua njia, kama mkono unavyolijua kopo la chumvi umeme ukikatika.

Jana usiku nikamwomba anielekeze nirudishe kila kitu. Akasogea, akavaa miwani, akaanza kuniamuru, na naapa sijamwona na furaha hiyo tangu siku ya harusi. WhatsApp chini kulia kabisa, "maana kushoto nimeshika tasbihi." M-Pesa ukurasa wa pili, peke yake, mbali na kitu chochote, asije akaibonyeza bila kukusudia. Kamera juu kabisa, ambako kidole hakifiki ovyo. Redio ukurasa wa tatu, kwa sababu ni ya jioni, na jioni hana haraka.

Tukarudi ukurasa wa kwanza. Nikataka kuisogeza saa katikati, pale patupu.

"Hapo acha."

"Kwa nini, Mama?"

"Unamfunika baba yako."

Picha ya nyuma ya skrini ni ile ya Baba barazani Pangani. Nimeiona mara mia. Mimi natumia iPhone, na hadi mfumo wake wa iOS 18 ulipotoka mwaka 2024 simu hizi zilikuwa zinazisukuma aikoni zote juu kushoto bila kuacha mwanya, hivyo nimezoea picha ya nyuma kuwa kitu cha kufunikwa. Jumapili ile folda ya Mengineyo niliiweka juu ya uso wa Baba.

Sikuweza kusema kitu. Mama akanipapasa mgongo, akasema, "Haya, tuendelee." Tulipomaliza nikamweleza kwamba Samsung yake inaweza kufungiwa mpangilio usisogezeke, nikamwuliza kama nifunge.

"Funga. Lakini nionyeshe na pa kufungulia."

Nikamwonyesha, akajaribu mwenyewe mara mbili. Leo alfajiri nimemsikia kupitia ukutani akimwambia mama mdogo habari za bibi harusi, moja baada ya nyingine, hakuacha hata moja.

Basi lake la Tanga ni kesho saa 12 asubuhi. Bomba halijatoa maji tangu Jumanne na tangi limebaki robo. Sijui kama yatatosha hata ya kuoga watu wote kabla hatujatoka.