Siku Moja Ashikaga, Chini ya Maua ya Fuji, Pamoja na Mama

Mama yangu alipokuja kunitembelea Tokyo kwa wiki tatu mwezi wa Aprili, alikuwa na ombi moja tu. "Majengo nimeshayaona kwenye simu, mwanangu," aliniambia. "Nipeleke nikaone mimea yao." Ameishi kwa kilimo huko Babati tangu ujana wake, akipanda mahindi pamoja na mbaazi, na katika kipande kilicho karibu na nyumba akipanda ngwara, ambazo tangu utotoni mwetu hutambaa juu ya wigo wa miti na kuufunika kwa maua ya zambarau. Maua ya mcheri, yale ya sakura ambayo kila mgeni huyaulizia, yalikuwa yamekwisha kupukutika kabla ndege yake haijatua. Kwa hiyo nilichagua ua linalofuata katika kalenda ya Japani, ambalo mimi binafsi nalipenda zaidi, nalo ni fuji, linaloitwa wisteria kwa Kiingereza.

Niseme mapema kwamba ua hili halihusiani na Mlima Fuji. Majina hayo mawili hutamkwa kwa namna moja lakini huandikwa kwa herufi tofauti. Herufi ya ua la fuji ndiyo iliyomo ndani ya majina ya ukoo ya Sato, Ito na Kato, ambayo ni miongoni mwa majina ya kawaida kabisa nchini humu, na pia ndani ya jina la Fujiwara, ukoo ulioshika hatamu katika kasri la wafalme zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mtu anayekaa Japani hukutana na herufi ya mmea huu mara nyingi kwa siku bila kujua.

Bustani niliyomchagulia Mama ni Ashikaga Flower Park, iliyoko katika mji wa Ashikaga, mkoa wa Tochigi, kaskazini mwa Tokyo, na safari yake huwezekana kabisa kwa kwenda na kurudi siku moja. Tulipanda treni ya kawaida kutoka Ueno hadi Oyama, mwendo wa saa moja na dakika kama ishirini, kisha tukabadilisha na kuingia reli ya Ryomo, ambayo mabehewa yake hayafunguki milango yenyewe mpaka abiria abonyeze kitufe pembeni. Kuanzia Oyama mji hupotea, na nje ya dirisha yakaja mashamba ya shayiri, kijani kilichoanza kuelekea njano, pamoja na mabanda ya plastiki ya stroberi ambazo mkoa huo unasifika kwazo. Mama hakuzungumza kwa muda mrefu. Alikuwa akihesabu umbali kati ya mistari. Baada ya dakika zipatazo arobaini tulishuka katika stesheni inayobeba jina la bustani yenyewe, iliyofunguliwa Aprili 2018. Kabla ya hapo wageni walikuwa wakishukia stesheni ya Tomita na kutembea kwa miguu, jambo ambalo kwa magoti ya Mama lisingekuwa dogo.

Kiingilio cha bustani hii hakina bei moja. Katika msimu wa fuji bei hutangazwa kila asubuhi kulingana na jinsi maua yalivyochanua siku hiyo, na maua yanapofikia kilele inaweza kuzidi yeni 2,000 kwa mtu mzima. Nilipomweleza Mama, alisimama akafikiri kama mtu aliyeuza nyanya sokoni miaka mingi. "Kwetu nyanya zikiwa nyingi bei hushuka," alisema. "Hapa maua yakiwa mengi bei hupanda. Lakini angalau hawakudanganyi. Ukija maua yameshakwisha hawakutozi kama aliyeyakuta." Nami naona ana haki. Bustani nyingi huuza tiketi ileile kwa mgeni wa kilele na kwa mgeni aliyekuta majani matupu, lakini hapa mwenye bustani hukiri kila asubuhi, mbele ya lango, hali halisi ya mimea yake.

Tulikwenda siku ya Jumatano, kabla ya sikukuu zinazofuatana kuanzia Aprili 29, na ningemshauri yeyote afanye hivyo, kwa sababu katika juma hilo la mapumziko nusu ya Japani huwa njiani.

Fuji kubwa iko katikati ya bustani. Umri wake unazidi miaka 160, na matawi yake, yaliyolazwa juu ya chanja la nguzo na fito, yamefunika eneo la mita za mraba zipatazo 1,000. Unapoingia chini yake mwanga hubadilika, ngozi za watu huonekana na rangi ya zambarau iliyofifia, na sauti hushuka bila mtu kuambiwa anyamaze. Vishada huning'inia kutoka juu kama mvua iliyosimamishwa, virefu kwa vifupi, na ncha zake zikawa karibu kugusa kilemba cha Mama. Harufu yake ni tamu, ila haikukabili kwa nguvu. Huja upepo unapopita na kuondoka nao.

Mama alisogea kwenye kishada kimoja kilichokuwa sawa na uso wake, akaweka mikono nyuma kwa sababu tulikuwa tumeombwa tusiguse, akakichunguza kwa muda mrefu. Kishada cha fuji huchanua kuanzia juu kushuka chini. Kwa hiyo kwenye kishada kimoja aliona umri wote wa ua: kule juu petali zilizokwisha kufunguka na kuanza kupauka, katikati maua yaliyokomaa, na kwenye ncha vitumba vidogo vilivyofumba, vya zambarau iliyokolea, vikubwa kidogo kuliko punje ya mtama. Kila ua lilikuwa na petali moja pana iliyosimama nyuma, yenye doa la manjano mahali inapoanzia, na mbele yake petali nyingine zilizokunjana kama mdomo. Nyuki mkubwa mweusi, mwenye manyoya ya manjano kifuani, akatua juu ya mdomo huo, ukafunguka kwa uzito wake, akaingiza kichwa, akatoka, nao ukajifunga.

"Hii ni ngwara," Mama alisema.

Nilidhani anatania. Akanionyesha kwa kidevu ile petali iliyosimama na ule mdomo unaofunguka nyuki anapotua. "Angalia vizuri. Ni ua lilelile, isipokuwa la ngwara husimama na hili linaning'inia. Na nyuki wake ni haohao wakubwa, wale wadogo hawawezi kuufungua mlango. Lazima itazaa maganda." Naye hakukosea. Fuji ni ya jamii ya kunde, ndugu wa maharage, mbaazi, choroko na hiyo ngwara, na maua yakishapita hutoa maganda marefu yenye vinyweleo laini kama mahameli, ingawa mbegu zake zina sumu na haziliwi. Nimeishi Japani miaka minne, nimekwenda kuangalia fuji kila majira ya kuchipua, na nimepiga picha ambazo sikumbuki idadi yake, lakini sikuwahi kuliangalia ua moja kwa namna hiyo. Rafiki zangu wa nyumbani wanaoziona picha hizo huuliza kama ni mjakaranda, kwa sababu ya rangi, nami nilikuwa nikiwajibu "karibu hivyo". Si karibu hata kidogo. Mjakaranda unaoipamba Arusha mwezi wa Oktoba na Novemba ni mti unaojitegemea kwa gogo lake, na ua lake ni kama tarumbeta ndogo. Fuji ni mmea unaotambaa, usioweza kusimama bila kushikiliwa.

Hilo la kushikiliwa ndilo lililomfanya Mama azunguke chanja zima mara mbili. Karibu hakuinua tena macho kutazama maua, alikuwa akitazama nguzo. Shina lenyewe limepindapinda, lina mikunjo na makovu, na kila mahali tawi zito linapohitaji msaada pamewekwa mhimili, na mahali tawi linapolalia fito limefungwa kwa kamba, likiwa limeachiwa nafasi ya kunenepa. Nikamsimulia jinsi fuji hii ilivyofika pale, kwa maana haikuota mahali hapo.

Hapo awali mmea huu ulikuwa katika bustani nyingine iliyoitwa Hayakawa, umbali wa kilomita zipatazo 20. Ilipobidi bustani hiyo ihame, tatizo kubwa likawa fuji, kwa sababu shina lake lilikuwa na kipenyo cha karibu mita 1, na hakuna aliyekuwa amewahi kuhamisha fuji yenye ukubwa huo Japani ikapona. Shina la fuji si gumu kama la mwaloni. Ukilikaza kwa minyororo ili kuliinua, gome hupondeka, na gome likipondeka mmea huoza. Kazi ilikabidhiwa Konami Tsukamoto, mwanamke wa kwanza nchini humo kufuzu kuwa daktari wa miti, taaluma ambayo Japani ina mtihani wake na cheti chake. Alitumia takriban miaka miwili kuuandaa mmea, akikata mizizi na matawi kwa hatua ili usishtuke. Kisha, ili kulilinda shina, akalifunga kwa plasta ngumu, ileile ambayo hospitali hufungia mguu uliovunjika.

"Walimfunga hogo!" Mama alisema, na sauti yake ilijaa heshima.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1996 fuji ikasafirishwa, na ardhi yake mpya, iliyokuwa chepechepe, ikawekewa mkaa ili kuitengeneza. Mwaka 1997 bustani ikafunguliwa, na tangu hapo matawi yameendelea kurefuka na chanja kupanuliwa kuyafuata, mpaka likafikia ukubwa tulioukuta. Nilipomaliza kusimulia, Mama aliuliza maswali ambayo sikuwahi kuyawaza: ni nani anayepanda juu kupogoa, na hupogoa mwezi gani, na je, hawaondoi maganda machanga ili mmea usimalize nguvu zake katika kuzaa? Swali la mwisho lilinishangaza, kwa kuwa ndivyo watunzaji wa fuji wanavyofanya: maua yakinyauka vishada hukatwa kimoja kimoja, kabla maganda hayajashika. Vitumba vya mwaka ujao hujiunga wakati wa kiangazi, na mtu akipogoa ovyo wakati wa baridi huwa amekata maua bila kujua. Nilitazama tena juu, nikajaribu kufikiria ngazi, mikasi na mikono inayohitajika kwa vishada vya mita za mraba 1,000, na bustani ina fuji nyingine zaidi ya 300.

Sehemu nyingine nitazitaja kwa ufupi, si kwamba hazina uzuri. Kuna njia ya fuji nyeupe yenye urefu wa mita 80, iliyofunikwa juu na pembeni, ambayo siku hiyo ilikuwa imefunguka nusu. Kuna fuji ya waridi hafifu, ambayo hutangulia kuchanua na tulikuta ikipukutika, petali zake zimeelea juu ya maji. Kuna aina yenye petali nyingi zilizosongamana, ambayo ukiitazama kwa mbali ungeapa ni zabibu. Chini yake kuna azalia maelfu, nyekundu na za waridi, zinazong'aa kupita kiasi kwa macho yangu, ingawa Mama alizipenda. Tulikula aiskrimu ya rangi ya zambarau inayosemekana kuwa na ladha ya fuji. Bustani huigawa mwaka katika misimu minane, kuna wakati wa waridi, wa maua ya maji na hata wa taa za majira ya baridi, lakini watu wengi huja kwa huu mmoja.

Tulingoja jua lizame, kwa sababu katika msimu huu taa huwashwa jioni. Huwashwa kutoka chini, na kwa kuwa karibu na fuji kuna maji yaliyotulia, vishada vinavyoning'inia huonekana mara ya pili vikisimama kuelekea juu. Mama alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akanyoosha miguu. "Sasa zimekuwa ngwara kabisa," alisema, akimaanisha zile za ndani ya maji.

Karibu na lango kuna duka linalouza miche, na miongoni mwake kulikuwa na fuji changa katika vyungu vidogo. Mama aliinua kimoja, akaangalia mizizi inayochungulia chini, akauliza bei. Ilinibidi nimweleze kwamba mmea hauruhusiwi kuingizwa nchini kwetu bila kibali na cheti cha ukaguzi wa afya ya mimea, na muda wa kuvitafuta haukuwepo. Hakubishana, kwani anajua vizuri ugonjwa mmoja ulioingia kwa mbegu unavyoweza kumaliza shamba. Alikirudisha chungu mahali pake, akakigeuza ili upande wenye majani uelekee kwenye mwanga.

Kitu kimoja hatukukiona. Mwisho wa bustani kuna njia nyingine, ya maua ya manjano yanayoning'inia kama fuji, ambayo Wajapani huyaita kibana-fuji. Hayo huchelewa mpaka Mei, baada ya zambarau na nyeupe kupita, na tuliyakuta bado ni vitumba vya kijani, vigumu, vimefumba kabisa. Mama aliyatazama akasema nayo ni ya ukoo uleule, na safari hii sikumuuliza amejuaje. Ndege yake iliondoka Jumamosi. Nitarudi Ashikaga wiki ya pili ya Mei, na ameniagiza nisimpigie picha ya njia nzima, nimpigie ua moja, kwa karibu, na kama kuna nyuki, nimngoje atue.