Kwa nini klorini ilitangulia

Wiki iliyopita niliingia darasani na gilasi, vijiko vitatu vya chumvi ya Uvinza, betri ya pikipiki, balbu ndogo ya kupunguza mkondo wa umeme, na vijiti viwili vya kaboni nilivyovitoa ndani ya betri kuukuu za tochi. Nafundisha kemia katika shule moja ya sekondari hapa Kigoma, na kipindi kilikuwa cha elektrolisisi, yaani kuvunja kemikali kwa umeme. Tulipounganisha nyaya, kijiti cha upande wa hasi kilifunikwa mara moja na mapovu membamba ya haidrojeni yaliyopanda mfululizo. Upande wa chanya mapovu yalikuwa machache, yakijikokota, na kabla dakika mbili hazijaisha darasa zima lilisikia harufu anayoijua kila aliyewahi kufua shuka nyeupe kwa dawa ya madoa. Ilikuwa klorini. Nilikata umeme, tukafungua madirisha yote.

Mwanafunzi mmoja wa safu ya mbele alinyoosha mkono. "Samahani mwalimu, kwenye jedwali oksijeni inahitaji volti chache kuliko klorini. Mbona imetangulia klorini?"

Nilimjibu kama nilivyojibiwa nami nikiwa kidato cha tatu: chumvi ilikuwa nyingi ndani ya maji. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo kiini cha kazi ambayo wakemia wengi wa nishati wanaifanya leo. Nilirudi nyumbani nikiona kwamba nina deni kwake.

Jedwali alilolisoma linaeleza kiasi cha nishati kinachotakiwa ili mmenyuko uweze kutokea. Kupasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni kunahitaji volti 1.23, na kwa kipimo hichohicho klorini inahitaji volti 1.36, kwa hiyo mtoto alikuwa amesoma sawasawa. Jambo ambalo jedwali halisemi ni mwendo. Ili klorini itoke, ioni mbili za kloridi zinaachia elektroni moja moja na kuungana, basi. Oksijeni ina safari ndefu zaidi, kwa sababu molekuli mbili za maji lazima zivuliwe haidrojeni zake zote, elektroni nne ziondoke moja baada ya nyingine, kisha atomi mbili za oksijeni zifungwe pamoja, na hatua zote hizo hufanyika juu ya uso wa elektrodi. Uso ukiwa wa kaboni tupu, ambao hauzisaidii hatua hizo, utalazimika kuongeza volti nyingi juu ya zile 1.23, na huko juu klorini inakuwa imekwisha kupata njia.

Volti hizo za ziada haziendi popote pa maana, hugeuka joto. Kwa hesabu ya nishati peke yake, kilo moja ya haidrojeni ingehitaji umeme wa kilowati-saa 39 na kidogo, lakini mitambo iliyopo sasa hutumia takribani 50 hadi 55, na sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea palepale mapovu ya oksijeni yanapozaliwa. Ndiyo maana mkemia wa fani hii anaweza kutumia miaka yake yote kutafuta uso wa elektrodi utakaopunguza sehemu tu ya volti moja. Uso huo ndio kichocheo, na mimi sioni kwamba anapoteza wakati wake.

Kichocheo kizuri huzishika kwa kiasi chembe zinazomenyuka juu yake. Mfaransa Paul Sabatier, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, ndiye aliyetufundisha kanuni hiyo, nami huwaeleza wanafunzi wangu kwa mfano wa mwalo wa Kibirizi: boti isiyofungwa haiwezi kushusha mzigo, na boti iliyofungwa fundo lisilofunguka haitaondoka kumpisha mwenzake. Mwaka 1972 Mwitaliano Sergio Trasatti alizipanga metali kwa jinsi zinavyoishika haidrojeni na kwa kasi yake ya kuitoa, na mchoro ukawa na umbo la mlima, platinamu ikiwa karibu na kilele. Kwa haidrojeni, basi, tunajua tunachokitafuta. Kwa oksijeni ugumu ni kwamba uso uleule hupokea wageni watatu wanaofuatana, yaani vipande vya molekuli vinavyozaliwa katikati ya mmenyuko, na nguvu zinazowashika zinakwenda pamoja: ukimshika vizuri zaidi wa kwanza, umemshika zaidi na wa mwisho, hata pale ulipotaka kumlegezea.

Katika mitambo inayofanya kazi ndani ya asidi, oksidi ya iridiamu ndiyo inayotegemewa, kwa kuwa ni miongoni mwa vichache vinavyochochea vizuri bila kuyeyuka haraka. Lakini iridiamu inayopatikana duniani kwa mwaka ni tani chache tu, na sehemu kubwa hutoka Afrika Kusini. Mimi naiona njia ya alkali, kinyume cha asidi, kuwa ya matumaini zaidi kwa nchi kama yetu, kwa sababu humo nikeli inatosha, na nikeli ipo hapa jirani, Kabanga wilayani Ngara.

Nikeli ina kisa ninachokipenda sana. Kwa miaka mingi watengenezaji wa betri za nikeli waliihesabu chuma kuwa sumu, kwani betri iliyoingiwa na chuma kidogo ilitoa oksijeni badala ya kuhifadhi umeme. Mwaka 1987 Dennis Corrigan alionyesha kwamba uchafu huohuo wa chuma ndio unaoichangamsha oksidi ya nikeli itoe oksijeni kwa urahisi. Mwaka 2014 Shannon Boettcher na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Oregon huko Marekani, wakaonyesha kwamba sifa nyingi ilizokuwa imepewa nikeli zilikuwa za chembe za chuma zilizojificha ndani ya alkali ya maabara. Nikeli iliyosafishwa kabisa ni mchocheaji dhaifu.

Hapa ndipo swali la mwanafunzi wangu linaporudi. Wanaotaka kupasua maji ya bahari wanapambana na klorini ileile tuliyoinusa darasani. Ndani ya alkali, pengo kati ya oksijeni na mazao ya kloridi hufikia volti 0.48, hivyo kichocheo cha nikeli na chuma kinachofanya kazi chini ya kiwango hicho hutoa oksijeni na kuiacha chumvi ilivyo. (Sisi wa Ziwa Tanganyika maji yetu ni maji baridi, si ya chumvi kama ya bahari, kwa hiyo shida hiyo tunaisikia kwa wenzetu wa pwani.)

Sitegemei kuona jiko la haidrojeni Ujiji karibuni, na taa za wavuvi wa dagaa zinahudumiwa vizuri zaidi na betri na sola. Ninachokiwazia ni mbolea. Amonia, ambayo ndiyo malighafi ya mbolea kama urea, hutengenezwa kwa haidrojeni, na haidrojeni hiyo hadi leo hutoka zaidi kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Mkulima wa mahindi wa Kasulu hanunui haidrojeni dukani, lakini huinunua ndani ya kila mfuko wa urea.

Jumatatu tulirudia jaribio. Badala ya chumvi tuliweka magadi, na badala ya kaboni tuliweka vipande vyembamba vya nikeli ambavyo mafundi wa betri hutumia kuunganishia seli. Hapakuwa na harufu. Kwa mkondo uleule wa umeme, namba kwenye kipimo cha volti ilishuka, na upande wa chanya mapovu yakaanza kupanda kama yale ya upande wa pili. Yule mwanafunzi wa safu ya mbele aliinama mpaka pua ikakaribia gilasi, akayatazama kwa muda, kisha akauliza kama ile feri salfeti iliyoko kabatini inahesabika kuwa chuma. Nimemwambia inahesabika. Kipindi kijacho tutakichovya kipande kimoja cha nikeli humo kwa dakika kumi, tukisuuze, na tukipime kando ya kisichochovywa.