Huuzulu Wafalme

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Danieli 2:21: "Yeye hubadili majira na nyakati, huuzulu wafalme na kuwamilikisha wafalme."

Jumapili, mnada wa mavuno ukiendelea nje ya kanisa, mkungu wa ndizi ulikaa mezani muda mrefu bila mtu kupandisha bei. Nusu ya wazee walikuwa pembeni wanabishana kuhusu Trump. Mmoja anasema huyu ndiye Koreshi wa siku zetu. Mwingine anasema ni mpinga Kristo, na video anayo kwenye simu. (Mkungu aliuchukua mama mmoja kwa bei ya chini, na wala simlaumu.)

Kuhusu Koreshi, yule mfalme wa Uajemi aliyewaachia Wayahudi warudi kwao, someni Isaya 45. Bwana anamwita masihi wake, halafu katika mistari miwili inayofuatana anamwambia, "ijapokuwa hukunijua." Alitumika, basi. Andiko halimfanyi mtakatifu wala halimfanyi shetani, na sijui sisi tunatoa wapi ujasiri wa kumwongezea mtawala yeyote cheo ambacho nabii hakukitoa.

Na sisi wa Arusha hatuna haja ya kwenda mbali. Tarehe 4 Agosti 1993, serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walisaini mkataba wa amani katika mji huu huu. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana, akirejea kutoka Dar es Salaam, ilidunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari yakaanza. Jean Kambanda akashika uwaziri mkuu siku zile za damu. Safari yake ya kuja Arusha aliifanya akiwa mahabusu. Katika jengo lile la mikutano la AICC tunalolipita kila siku na daladala, ilipokuwa mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, mtu ambaye nchi nzima ilikuwa ikimsikiliza alikaa na vipokea sauti masikioni, akimsubiri mkalimani. Alikiri makosa, na tarehe 4 Septemba 1998 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Tusiharakishe kupiga makofi. Kabla ya kiti kile kuanguka, watu zaidi ya laki nane walikuwa wameshauawa, wengine ndani ya makanisa walikokimbilia. Danieli anasema Mungu huuzulu wafalme. Hasemi huwauzulu mapema. Hapo mimi hukwama, na sina maelezo ya kuwapa waliofiwa.

Wapo wanaosema mambo ya Marekani hayatuhusu. Yanatuhusu sana. Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile ya kuapishwa, Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Huduma nyingi za VVU nchini kwetu zilikuwa zikibebwa na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa mwaka 2003 wakati wa George W. Bush. Marais wawili wa chama kimoja, hatukumpigia kura hata mmoja wao: saini ya Bush ilituletea dawa, ya Trump ikawatia hofu wanaozimeza. Na wapo vijana wetu waliokuwa kwenye miradi ambao sasa wako nyumbani.

Ndiyo maana 1 Timotheo 2 inataka maombi "kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka." Kaisari wa wakati ule hakuwa mtu wa kanisa, na waraka hauulizi kama tunampenda. Mshabiki anataka wake ashinde tu. Anayeomba anaweza kumtaja mtawala kwa jina na kumwambia Mungu waziwazi kwamba amri yake inawaumiza watu.

Jumuiya ikikutana wiki hii tusome sura hiyo, mstari wa 1 hadi wa 4. Tuwaombee wauguzi wa kliniki za VVU, na hao vijana waliopoteza kazi. Halafu Kongo na Burundi, kwa majina ya viongozi wao. Mwenye ndugu au rafiki Goma atuambie mapema hali yao ikoje, tusiombe kwa kubahatisha.